Transfoma ya amplifaya isihukumiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie tabia ya baadhi ya mafundi inayowatia wapiga gitaa hasara isiyo ya lazima. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kukuzia sauti) ikianza kukata fyuzi kila inapowashwa, mwenyewe huambiwa papo hapo kwamba transfoma ya umeme imeungua, ilhali hicho ni miongoni mwa vipuri ghali kuliko vyote ndani ya sanduku, na hakuna aliyekipima.

Fyuzi iliyokatika inathibitisha tu kwamba umeme uliovutwa umezidi kiasi. Haisemi umevutwa na nini. Valvu ya kutolea nguvu iliyopiga shoti, diodi ya rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) iliyokufa au kapasita kubwa ya kuchujia umeme iliyochoka huleta dalili ileile. Ndiyo maana valvu zote huchomolewa kwanza, na fyuzi mpya ikidumu, uchunguzi huhamia kwenye valvu na saketi zake.

Ikikatika tena, transfoma itengwe. Kabla ya kugusa chochote ndani, plagi ichomolewe na chaji ya kapasita iondolewe kupitia rezista, kisha mita ithibitishe kuwa imekwisha, kwa kuwa mamia ya volti yanaweza kubaki humo baada ya umeme kuzimwa, nayo huua. Hapo waya zote za upande wa pili wa transfoma, ule wa kutolea umeme, zifunguliwe, yaani za volti za juu, za volti 6.3 zinazopasha valvu joto, na za volti 5 pale penye valvu ya rektifaya, na kila ncha ifunikwe peke yake isiguse nyingine wala chasisi, yaani fremu ya chuma ya amplifaya.

Transfoma hiyo isiyo na mzigo iwashwe kupitia balbu ya nyuzi ya wati 40 au 60 iliyofungwa kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye transfoma. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, transfoma haina shoti. Ikiwaka kwa nguvu bila kupungua, mizunguko ya waya imegusana ndani, na hapo ndipo fundi ana haki ya kusema imeungua. Mita ya omu, ambayo wengi huitegemea, hugundua waya uliokatika au uliogusana na chasisi, lakini mizunguko michache ikigusana ukinzani hubadilika kidogo mno hata mita isione tofauti.

Hata pale transfoma inapokuwa imekufa kweli, mara nyingi kuna kilichoiua. Kufunga mpya bila kukitafuta ni kuipeleka ya pili kwenye kifo kilekile, hasa ikiwa fyuzi imebadilishwa kwa nyingine kubwa zaidi au, jambo ambalo nimelishuhudia na linaloweza kuwasha moto, imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kwa hiyo nawasihi wenye amplifaya wasilipie transfoma mpya kabla fundi hajawaonyesha ile ya zamani ikiwa imefunguliwa waya zake na balbu ikiwaka mbele ya macho yao.

Wako,
Fundi wa vifaa vya muziki