Kanuni Iko Sawa, Ila Imekaa Pabaya

Malalamiko tunayoyapokea sana kuhusu kanuni za mtambo wa simu wa ofisi, zile zinazoamua simu inayoingia ipelekwe wapi, ni haya: "Niliweka kanuni ya sikukuu, mbona simu ziliita mapokezi siku nzima na hakukuwa na mtu?" Tukifungua mtambo, kanuni tunaikuta. Tarehe ni sahihi, na ujumbe wa sauti umerekodiwa vizuri. Lakini iko ya nne kwenye orodha, na ya pili inasema: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, ita mapokezi. Sikukuu iliangukia Jumatano. Kila simu ilipofika kwenye kanuni ya pili iliishia hapo hapo.

Mitambo mingi husoma kanuni kuanzia juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana na simu ndiyo inayofuatwa. Zilizobaki hazisomwi kabisa. Kwa hiyo kanuni finyu hukaa juu ya kanuni pana: kufunga kwa dharura, kisha sikukuu, kisha saa za kawaida za kazi, na chini kabisa ile inayopokea chochote kilichobaki. Hiyo ya mwisho usiikose, maana bila yake mpigaji anaweza kukatiwa tu. (Na mtambo haujui saa za Kiswahili, saa 2 asubuhi andika 08:00. Tumeshakuta duka linalofunguliwa usiku wa manane.)

Kinachowasumbua watu ni wateja maalumu. Umeweka kanuni kwamba namba fulani ikipiga iende moja kwa moja kwa meneja. Je, ikae juu ya sikukuu au chini yake? Ikikaa juu, meneja ataitwa hata akiwa mapumzikoni. Hilo si swali la fundi, ni la mwenye biashara, na sisi hatulijibu kwa niaba yako. Tunachoweza kukuambia ni kwamba kanuni hiyo haitafanya kazi popote uiweke, iwapo namba umeiandika kwa kuanza na 0 wakati mtambo unaipokea ikiwa na alama ya + na namba ya nchi. Angalia kumbukumbu ya simu zilizoingia, unakili namba jinsi ilivyo.

Si kila mtambo unafuata mpangilio wa orodha. Asterisk, programu ya kuendesha mitambo ya simu, ndani ya muktadha mmoja (yaani kundi moja la kanuni), hutanguliza namba iliyotajwa kamili kuliko muundo wa jumla unaolingana na namba nyingi, hata ukiiandika chini.

Kwa simu zinazotoka, namba za dharura ziwe juu ya kila kitu, na zisidai tarakimu ya kutokea nje, ile inayobonyezwa kwanza ili kupata laini ya nje.

Ukishapanga, usisubiri sikukuu ifike ndipo ujue. Iongezee kanuni ya sikukuu tarehe ya leo, piga kwa simu ya mkononi kutoka nje ya mtambo, sikiliza unapelekwa wapi, kisha uiondoe tarehe hiyo kabla hujainuka kitini.