Kilwa Kisiwani msiende mbio mbio jamani

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo la Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kule Lindi, limenikaa moyoni toka nirudi mwezi uliopita.

Mi nimeenda kule mara mbili. Mara ya kwanza ilikua na watu wa kazini, kampuni moja ya kutembeza wageni ikatupakia kwenye kosta usiku kutoka Dar, tukafika Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, asubuhi macho mekundu, boti ya injini ikatuvusha na yule msimamizi wetu akatutangazia kwamba mna saa moja na nusu tu, kuna sehemu nyingine mbili za kupita leo. Basi ikawa mbio. Gereza, ile ngome ya zamani, picha, msikiti picha, haya twende, Husuni Kubwa, ikulu ya kale, hatukufika kabisa maana ipo mbali kidogo na kijiji na jua lishakua kali. Nimerudi nyumbani na picha kibao kwenye simu ila mtoto wa dada yangu aliponiuliza nani alijenga zile nyumba sikua na jibu la kumpa, na iliniuma kweli.

Mara ya pili nimeenda na baba yangu mzazi. Baba alikua fundi mwashi, sasa kastaafu, ana miaka zaidi ya 70 na goti lake la kulia halitaki haraka, kwahiyo hata kabla hatujatoka Mbagala tulishakubaliana tutaenda kwa mwendo wa goti. Tukachukua chumba Masoko, tukapanga kuvuka siku mbili mfululizo, asubuhi kwenda jioni kurudi.

Siku ya kwanza nahodha wa mashua akatuambia tusubiri maji yajae ndo tuvuke, maana yakiwa yamekupwa mzee atateseka kushuka upande wa pili. Tukakaa pale tunakula mihogo na samaki wa kukaanga, baba anapiga stori na wavuvi za bamvua na upepo wa kusi, na mimi naangalia saa kama mtu wa Dar mpaka baba akaniambia mwanangu weka hiyo simu, maji hayana saa yako. Kuvuka kwenyewe sio mbali, ule mlango wa bahari ni kama kilomita 2, ila kwa tanga unapata muda wa kukiona kisiwa kinakuja polepole na lile Gereza limesimama mbele kabisa. Wareno walipora mji mwaka 1505 wakajenga ngome yao, ila hili jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la enzi za Waomani karne ya 19.

Sasa kwenye Msikiti Mkuu ndo baba alifunguka. Tulikaa mle asubuhi nzima. Alikua anapapasa kuta kwa kiganja anasema hii chokaa imechomwa vizuri, akanieleza unapanga magogo unaweka mawe ya matumbawe juu unachoma, halafu unaiacha ilale muda mrefu ndo uitumie, ukiwahi ukuta unakudai baadae. Akanionyesha mawe yaliyochongwa vizuri kwenye kibla, kwamba hayo ni matumbawe yaliyotolewa majini, yakiwa mabichi yanakatika kirahisi yakikauka yanakua magumu. Halafu akaniuliza, umeona nyumba zote za zamani za huku pwani vyumba vyake vyembamba? Nikasema nimeona ila sijui kwanini. Akasema boriti ya mkoko inabeba dari mpaka urefu fulani basi, chumba kinaishia pale mti ulipoishia. Ndo maana humu msikitini wakaweka nguzo na kuba, ili watu wengi wasali pamoja chini ya paa moja. Sehemu ya zamani ya huu msikiti ni ya karne ya 11, wakaja kuuongeza karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambae Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alimkuta anatawala alipofika hapa mwaka 1331 akausifia mji kwa uzuri wake na sultani kwa ukarimu. Haya mambo ya miaka nilishawahi kuyasikia, ila mpaka baba aliposhika ukuta ndo nikaelewa kwamba kuna mafundi walisimama pale na mwiko, watu wa kwetu.

Mchana tukapumzika kwenye baraza ya bibi mmoja kijijini. Nilimwambia shikamoo bibi akajibu marahaba mwanangu, mkalisheni mzee, chai inakuja. Akatuhadithia habari za yule Mshirazi, mtu wa Uajemi, alieutaka huu mji, mwenyeji wake Mrimba akamwambia lete nguo za kuzunguka kisiwa chote, na nguo zikaletwa zikatandazwa mpaka kisiwa kikazungukwa. Baba akauliza nguo gani hiyo ya kuzunguka kisiwa kizima, wakabishana pale wazee wawili nusu saa nzima na chai ikaongezwa. Bibi akasema wageni wengi wanapita wanaondoka kabla birika halijachemka. Nilinyamaza, maana ile safari ya kwanza tulipita mbele ya baraza ile ile na hakuna hata mmoja wetu aliesalimia.

Siku ya pili tukaenda Husuni Kubwa, tukipumzika chini ya kila mbuyu, yani tulitumia karibu saa nzima kwa njia ambayo kijana anaitembea muda mfupi tu. Ile ni ikulu ya al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya 100, juu ya jabali linaloangalia bahari, na ndani kuna bwawa la kuogea lenye pembe 8. Baba alikaa ukingoni mwa lile bwawa muda mrefu akauliza nani alikua anabeba maji yote haya, mto hakuna hapa. Dhahabu ya Sofala, bandari ya zamani huko Msumbiji, ilipita mikononi mwa watu hawa, na sarafu ya sultani huyu imeokotwa mpaka kwenye magofu ya Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, lakini baba alikua anawaza wale waliobeba ndoo. Sijawahi kumpenda baba kama siku ile.

Kwahiyo mhariri ombi langu kwa wanaopanga safari, na walimu wanaopeleka wanafunzi pia, wapeni watu angalau siku mbili. Pangeni kuvuka kwa kufuata maji. Kuleni kisiwani, waambieni akina mama wa kijijini mapema wawapikie wali na samaki, maana mtu wa saa moja na nusu anakuja na maji yake ya chupa anaondoka na picha, kijiji kinabaki na nyayo. Na wageni tujisitiri, pale watu wanaishi na wanasali, tusipande juu ya kuta na vile vigae vya sahani za Kichina tuviache chini vilipo. Eneo hili limo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka mwaka 1981 pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, na kuanzia 2004 mpaka 2014 lilikua kwenye orodha ya yaliyo hatarini, mawimbi yanakula ukingo na majengo yanaanguka, kazi kubwa imefanyika mpaka likatolewa humo, tusije tukalirudisha sisi kwa miguu yetu.

Kilwa Kivinje, mji mwingine wa pwani ya bara, tulipita kwa haraka wakati wa kurudi, wafungwa wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani walinyongewa kule na mji wenyewe unahitaji barua yake peke yake. Songo Mnara hatukufika, safari ya boti ni ndefu na goti lilishasema basi. Baba ameshaanza kulipaka mafuta ya nazi kila jioni na juzi kanipigia simu kuniuliza kusi inatulia mwezi gani.

Binti wa Fundi,
Mbagala, Dar es Salaam