Mashine ya mama haijaharibika bado

Kizota, Dodoma
12 Julai

Ndugu yangu Yohana,

Mbukwenyi huko Kongwa. Ujumbe wako nimeupata na picha ya daftari nimeiona: 168, 151, 146, zote za asubuhi moja ndani ya dakika kumi. Unauliza kama mashine ya kumpimia mama presha ni mbovu. Kwa namba hizo peke yake huwezi kuihukumu. Presha ya mtu haikai mahali pamoja, na kipimo cha kwanza mara nyingi ndicho kinachokuwa juu. Kabla hujairudisha dukani, angalia inavyofungwa na mama anavyokaa.

Anza na mkono. Chukua futi ya fundi cherehani upime unene wake katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha kufunga mkononi kinachokuja na mashine nyingi ni cha sentimita 22 hadi 32. Soma maandishi yaliyo juu yake. Mama ana mkono mnene. Akizidi 32, kitambaa hicho kitatoa namba kubwa kuliko presha aliyonayo, na dawa yake ni kununua kikubwa kinachoendana na mashine hiyohiyo. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono achana nazo, zinadanganya kirahisi mno.

Baridi ya Julai naijua, lakini asifungiwe juu ya sweta. Wala asipandishe mkono wa sweta mpaka ukambana, hiyo nayo ni kamba. Avue upande mmoja, ajifunike khanga begani. Ukingo wa chini wa kitambaa ukae vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, mrija ushuke upande wa ndani kuelekea kiganja, na vidole viwili viweze kupenya chini ya kitambaa. Siku ya kwanza mpimeni mikono yote miwili. Wenye namba kubwa ndio utumike siku zote.

Kigoda kiwekwe mbali. Hakina pa kuegemea, na mkono unaning'inia. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, namba hupanda kama 7 au 8 kwa uzito wa damu tu. Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote sakafuni, miguu isipishane, mkono mezani. Meza ikiwa fupi, kunja khanga uweke chini ya mkono. Awe ameshakwenda haja ndogo. Nusu saa kabla asinywe kahawa, asiguse ugoro, asitoke kuchota maji. Kisha atulie kimya dakika 5. Jirani akibisha hodi, mpokee wewe.

Wiki moja kabla ya kliniki apime siku 7: asubuhi kabla ya chai na dawa, na tena jioni, mara mbili kila kipindi kwa kuachana dakika moja. Andika zote, hata zinazoudhi. Siku ya kwanza iache. Zinabaki vipimo 24: jumlisha namba za juu ugawe kwa 24, na za chini vivyo hivyo. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135/85, si 140/90 ya hospitali. Wastani ukifika hapo au kupita, dawa zinahitaji kuangaliwa upya na daktari.

Na hilo ulilosema la kumwongezea kidonge cha pili cha amlodipini, dawa yake ya presha, kila namba ikipanda likome leo. Dawa hiyo hufika kileleni baada ya saa 6 hadi 12, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki hivi. Ya pili haimsaidii saa hiyo. Baadaye inaweza kumvimbisha miguu au kumpa kizunguzungu. Afadhali uulize anameza nini kwa ajili ya magoti. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha. Magadi ya kwenye mlenda nayo yana sodiamu kama chumvi, ingawa najua kumwambia mama wa Kigogo apunguze magadi ni ugomvi.

Ikitokea 180 juu au 120 chini, atulie dakika 5 apime tena. Ikibaki hapohapo, wasilianeni na kituo cha afya siku hiyohiyo. Lakini kifua kikimuuma, pumzi ikikata, upande mmoja ukilegea au maneno yakimpotea, msisubiri kipimo cha pili, hata kama ni usiku: hospitali moja kwa moja.

Alama ya onyo la mapigo (si ule moyo unaomwekamweka wakati wa kupima) ikijitokeza mara kwa mara kwenye kioo, mwambie muuguzi, huenda mapigo hayaendi kwa mpangilio na hapo mashine hukosea. Ikiandika E, kwa kawaida mama amesogea, kitambaa kimelegea au betri zimechoka.

Mkija kliniki mwezi ujao, bebeni mashine pamoja na daftari, waipime na ya kwao kwenye mkono uleule. Zikiendelea kupishana sana, hapo tutairudisha dukani pamoja. Godoro la mama lipo, msihangaike na gesti.

Wako,
Elia