Tuonyesheni mkusanyiko mzima

Mhariri,

Natunza picha za maktaba, na jambo moja linanikera: taasisi huweka maelfu ya picha mtandaoni, kisha humwachia msomaji kisanduku kitupu cha kutafutia. Atatafutaje asichojua kama kipo?

Maktaba ya Umma ya New York ilionyesha njia mwaka 2016. Ilipoachia huru picha na nyaraka zaidi ya 180,000, ilizitandaza kama vijipicha vidogo mno, unavyoweza kuvipanga kwa karne, aina au rangi. Unaona zote kwanza, ndipo unasogea karibu. Mpango wa rangi ndio naupenda zaidi, kwa kuwa hata picha ambayo hakuna aliyeiandikia maelezo huonekana.

Wanaojenga hifadhi hizi waanze na mwonekano wa jumla, kisanduku kifuate.

Mtunza picha