Dada, mbona mmenikata mara mbili?

Saa nne usiku iliingia meseji ya WhatsApp kutoka kwa mteja wetu wa Arusha: "Dada, nimeagiza dagaa mara moja, mmenikata mara mbili. 96,000 na 96,000. Na dagaa wenyewe sijawaona." Chini yake picha za meseji mbili za benki, zote zinasema amelipa.

Muda huo sisi hatukuwa tumechukua hata shilingi. Najua inasikika kama maneno ya mtu anayekwepa deni, kwa hiyo nieleze vizuri.

Ukibonyeza "Lipa", taarifa za kadi yako haziji dukani kwetu Kibirizi, Kigoma. Zinaingia kwenye lango la malipo, yaani kampuni inayotushughulikia malipo ya mtandaoni, kisha kwa benki inayotupokelea fedha. Benki hiyo inapitia mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, mpaka kuifikia benki iliyokupa kadi. Benki yako inaangalia: kadi iko hai? Salio linatosha? OTP, ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu yako, imeingia sawa? Ikiridhika, inatoa kibali. Safari yote hiyo ni sekunde chache, intaneti ikiwa na afya.

Sasa, kibali bado si malipo. Ukimwambia mama wa sokoni "niwekee sado hili, narudi", sado halijauzwa, ila hakuna mwingine atakayelichukua. Hapa kinachowekwa kando ni pesa yako: benki inaishikilia, wewe huwezi kuitumia, na sisi bado hatujaipata. Kwa kadi ya mkopo kinachopungua ni kiwango chako cha kukopa. Lakini kadi nyingi tulizonazo mfukoni zimeunganishwa na akaunti moja kwa moja, kwa hiyo salio linashuka hapo hapo na roho inashtuka. Meseji ya benki nayo haisaidii, maana mara nyingi inaandika "umelipa" iwe ni kibali tu au malipo yenyewe.

Mteja wa Arusha mtandao ulimkatikia baada ya benki kukubali, kabla ukurasa haujapata jibu. Akaona kiduara kinazunguka tu, akabonyeza tena. Vikawa vibali viwili. Kimoja tulikiacha kisubiri mzigo wake, cha pili tukakifuta asubuhi, na benki yake ikaiachia pesa siku tatu baadaye. Hata tusingekifuta kingekufa chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, kutegemea benki.

Mtu atauliza, kwa nini msichukue pesa papo hapo mkamaliza? Sababu ni mwezi. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta kukiwa na giza. Mbalamwezi ikitawala, dagaa hawajikusanyi, wavuvi wanabaki pwani wakishona nyavu. Giza likirudi bado kuna kuwaanika, na mvua ikinyesha hawakauki. Hatuoni haki kuchukua pesa ya mtu kwa dagaa ambao bado wako ziwani, kwa hiyo tunakamilisha malipo siku tunayopima mzigo.

Utaratibu huo umewahi kututia aibu. Kibali kiliisha mbalamwezi ikiwa bado inang'aa, tukamwomba mteja alipe upya, naye akaona wazi kwamba ameingia mikononi mwa matapeli. Simlaumu. Tangu hapo oda za wakati wa mbalamwezi tunaziandika tu bila kugusa kadi, na kiungo cha malipo unatumiwa dagaa wakiwa kwenye mizani.

Kurudishiwa pesa ni habari nyingine. Malipo yakishakamilika, kufuta hakuwezekani tena. Pesa inaanza safari mpya ya kurudi kwako kupitia mikono ile ile, na inaweza kuchukua siku 5 hadi 10 za kazi. Tukikwambia "tumesharudisha" na wewe huoni kitu, wote wawili tunasema kweli.

Unaweza pia kwenda benki yako kuyapinga malipo. Kama kadi imetumiwa na mtu usiyemjua, nenda leo leo, wala usitusubiri. Lakini kama ni mzigo uliochelewa, tuandikie kwanza. Malipo yakipingwa, pesa inavutwa kutoka kwetu, tunatozwa na faini, halafu tunaanza kutafuta risiti za basi ili kuthibitisha kwamba dagaa walisafiri.

Kadi ikikataliwa wakati pesa unayo, piga simu benki uulize kama manunuzi ya mtandaoni yamefunguliwa. Baadhi ya kadi hutolewa yakiwa yamefungwa.

Na jamani, picha za kadi! Wiki iliyopita mtu katutumia mbele na nyuma, na zile namba tatu za usalama za nyuma ya kadi zinasomeka kabisa. Tumezifuta picha hizo. Namba hizo tatu hata kampuni zenye ruhusa ya kutunza namba za kadi haziruhusiwi kuzihifadhi baada ya malipo kupita, seuze wauza dagaa. Tukitafuta muamala wako tunahitaji tarakimu nne za mwisho za kadi, kiasi na tarehe. OTP usitupe kamwe, hata tukiiomba, kwa sababu anayeiomba si sisi.

Kiduara kikizunguka, usibonyeze tena. Tutumie meseji, tuangalie upande wetu kama kibali kimefika. Usiku pia tunajibu, hasa wa giza, maana tuko macho tukisubiri mitumbwi.