Msimkimbize mtu kusamehe

Ndugu zangu wazee wa kanisa, nanyi akina mama mnaoitwa kusuluhisha,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Kikao cha juzi kimenikera, na sitaki kulala na jambo hili moyoni. Mjane alimkopesha mshirika mwenzake akiba yake yote. Mkopaji hakulipa, akafikia hata kulikana deni. Mbele yetu akainamisha kichwa: "Mama, nisamehe." Makofi yakapigwa. Mjane aliposita, akafunguliwa Mathayo 18:22, saba mara sabini, akakumbushwa kwamba mwenye kinyongo haikaribii Meza ya Bwana. Akatoa mkono huku machozi yakimtoka. Tukafunga kwa sala. Habari ya fedha hakuna aliyeigusa.

Jamani, sura hiyo mliianzia wapi? Kabla Petro hajauliza amsamehe ndugu yake "hata mara saba?", Yesu alikwisha kueleza, mstari wa 15 hadi 17, jinsi ya kumwendea aliyekosa: kwanza ninyi wawili tu, kisha na mashahidi, mwisho kanisa. Kosa litajwe, mkosaji akabiliane nalo. Na Zakayo, yule mtoza ushuru aliyewadhulumu watu, je? Hakuishia kuinamisha kichwa. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne.

Msinielewe vibaya. Msamaha hauna kikomo, sipunguzi hata nukta. Lameki, wa uzao wa Kaini, alijigamba kwa kisasi cha mara sabini na saba. Bwana akaja na hesabu kama hiyo, ila yake ni ya rehema. Yule mtumwa katika mfano alioutoa Yesu hapo hapo alisamehewa na mfalme deni la talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku 6,000. Kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100, ujira wa siku mia. Lakini angalieni ni nani aliyesamehe: mfalme, yule aliyekuwa akidai. Ninyi mnafuta deni msilodai!

Tena tuseme ukweli. Msamaha wa haraka tunawagawia wenye sadaka nono. Binti aliyepata mimba anatengwa na kusimamishwa mbele ya watu. Aliyedhulumu yatima anatafutiwa kiti cha mbele. Na huko nje ni vivyo hivyo: mdogo huambiwa avumilie, mkubwa huombewa.

Mengine nayasema kwa ufupi. Msimlazimishe mtu kukumbatiana na aliyemuumiza. Msiyatoe machungu yake kwenye maombi ya hadhara. Palipo na kipigo, kwanza mtu awe salama. Kusamehe si kurudi kupigwa. Na kesi ikiisha, iishe, isifukuliwe uchaguzi wa kikundi ukikaribia.

Nawe uliyeumizwa, mwanangu, usijione mnafiki hasira ikikurudia usiku baada ya kusema umesamehe. Kosa hilo hilo moja utalisamehe asubuhi, na jioni utaanza upya. Hiyo nayo ni saba mara sabini, na Mungu anaiona. Mitume wenyewe, walipoambiwa wamsamehe ndugu hata mara saba kwa siku moja, hawakupiga makofi. Walisema, "Tuongezee imani."

Basi wazee, mkiitwa tena, mdaini mkosaji tarehe ya kulipa. Kisha kaeni na aliyekosewa, muombe naye maneno hayo ya mitume, hata kama siku hiyo ataondoka bila kumpa mtu mkono.

Mzee wenu katika Bwana