Ndama wa palahala wahesabiwe kabla ya kuagiza wengine

Kwa Mhariri,

Kila palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda wa hifadhi ya Shimba Hills huko Kwale, wanapotajwa hapa Pwani, mazungumzo huishia kwenye pendekezo lilelile: serikali ilete wengine kutoka Tanzania, ambako bado wako wengi, ili kundi letu liongezeke. Nia hiyo ni njema, na huenda siku moja ikalazimu. Lakini sisi ambao kazi yetu ni kufuatilia wanyama wenye kwato porini tunaomba jambo moja litangulie, nalo ni kujua ni ndama wangapi wanaofikisha mwaka mmoja. Kabla ya kupata jibu hilo, kuleta wanyama wapya ni kuwapeleka mahali ambapo huenda ndama wao nao wasipone.

Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilitaja palahala 51 nchini, na makao yao porini ni hapo Shimba Hills tu, mwendo mfupi ukishavuka Likoni. Idadi hiyo inatisha, ila peke yake haikuambii kundi linaelekea wapi. Palahala 51 wanaweza kuwa majike vijana walio na ndama wenye afya, na vilevile wanaweza kuwa wazee waliobaki baada ya vizazi kadhaa vya ndama kufa. Jumla ni ileile kwa makundi yote mawili.

Tuseme katika kila majike wazima 100, 10 hufa kwa mwaka kwa uzee, chui, mitego na maradhi. Ili kundi lisipungue, majike wachanga 10 sharti wafikie umri wa kuzaa mwaka huohuo. Kwa kuwa takriban nusu ya ndama ni madume, lazima ndama wasiopungua 20 wavuke mwaka wao wa kwanza kwa kila majike 100. Wakiwa 12, kundi linakwisha, lakini kwa sababu jike mzima huishi miaka mingi, jumla itachelewa kuonyesha hasara hiyo. Ndiyo maana mtu anayetazama jumla pekee hugutuka wakati majike waliobaki ni wazee na wachache. Katika kundi dogo kama letu uwiano huu nao unataka uangalifu: kukiwa na majike 25, ndama mmoja tu aliyekosa kuonekana anashusha uwiano kwa ndama 4 kwa kila majike 100. Usitoe uamuzi kwa mwaka mmoja. Chukua wastani wa miaka mitatu.

Kuhesabu ndama kuna mitego yake. Ndama wa palahala haandamani na mama yake mara tu anapozaliwa. Hulala amejificha majanini kwa wiki mbili au zaidi, mama akija kumnyonyesha na kuondoka. Ukihesabu mapema mno utaandika kwamba hakuna ndama, kumbe wamelala hatua chache kutoka barabarani. Ukichelewa, utawaona walionusurika tu, usijue walikufa wangapi. Kwa hiyo hesabu mbili zinahitajika kwa mwaka: ya kwanza ndama wanapokuwa wamejiunga na kundi, ya pili wanapokaribia mwaka. Tofauti kati ya hesabu hizo, pamoja na ziara fupi za katikati, huonyesha wanakufa lini, na wakati wa kifo huelekeza kwenye chanzo. Wakipotea wiki za mwanzo, mtu huanza kuchunguza chui na fisi, nyasi zisizowaficha, au mama waliokonda wasio na maziwa. Wakifa baada ya hapo wakiwa wanakohoa au wanaharisha, mshukiwa ni ugonjwa. Wakipungua wakati wa kiangazi cha kaskazi, ni malisho na maji.

Kosa la kawaida zaidi ni la jinsia. Jike wa palahala ni wa rangi ya kahawia na dume mzima ni mweusi, hivyo mhesabu mgeni humwandika kila mwenye rangi ya kahawia kuwa jike. Lakini dume kijana naye ni wa kahawia hadi afikishe miaka mitatu hivi. Madume vijana watano wakiandikwa majike, uwiano wa ndama utashuka bila ndama hata mmoja kufa, na watu watahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Dawa yake ni darubini yenye miguu mitatu inayokuza mara 20 hadi 60, na subira: tazama chini ya tumbo, tazama unene wa pembe kwenye shina, subiri mnyama ageuke. Ndama wa mwaka ule hutambulika kwa kulinganisha pembe zake na urefu wa masikio. Kundi likisimama wazi, lihesabu mara mbili kabla ya kuondoka, watu wawili wakiandika kila mmoja kivyake. Muda mzuri ni saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Baada ya hapo wanaingia kivulini na hesabu inaharibika.

Ndege ni chombo kizuri kule Tsavo, ambako nyati na pofu huonekana kutoka juu. Shimba Hills ni mchanganyiko wa msitu na uwanda wa nyasi, na palahala aliye chini ya miti haonekani. Hapa picha zinafaa zaidi. Michirizi meupe na meusi usoni, pembe iliyovunjika ncha, sikio lililochanika: hivyo vinatosha kumtambua kila mmoja. Tuseme wiki ya kwanza umepiga picha na kuwatambua majike 18. Wiki ya pili unaona 20, na kati yao 12 ni wale uliokwisha kuwatambua. Zidisha 18 kwa 20, gawanya kwa 12, unapata makadirio ya majike 30, wakiwemo ambao hukuwaona kabisa. Hesabu hii huharibika ikiwa wengine huonekana kwa urahisi kuliko wenzao, na dume anayeishi peke yake huonekana kwa nadra kuliko majike walio kundini. Kwa hiyo madume wahesabiwe mbali na majike.

Tunasisitiza ndama kwa sababu ya somo lililopatikana kwa gharama kubwa mbali na hapa, katika milima ya magharibi mwa Marekani na Kanada. Huko kuna kondoo wa mwitu wenye pembe kubwa zilizojikunja. Kondoo wa kufugwa waliopelekwa huko na walowezi wana bakteria aitwaye Mycoplasma ovipneumoniae, ambaye hukaa puani mwao mara nyingi bila kuwaletea madhara makubwa. Akimfikia kondoo wa mwitu, huleta homa ya mapafu. Mara ya kwanza hufa wakubwa kwa wadogo. Baadaye wakubwa waliopona wanaonekana wazima, jumla inatulia, na mtu anaweza kudhani tatizo limekwisha. Kumbe kila mwaka wanakondoo huzaliwa vizuri, na wakifikia mwezi mmoja hadi mitatu wanakufa. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka mingi. Chanzo mara nyingi ni majike wachache ambao hawakuondokewa kabisa na bakteria na huwaambukiza wanakondoo wote wanapokusanyika pamoja. Wataalamu hukamata kondoo, huwapangusa puani kwa pamba, hupima maabara, hurudia vipimo, kisha huwaondoa wale ambao kila wakipimwa wanakutwa nao. Mahali kadhaa walipofanya hivyo wanakondoo walianza kupona. Hatua hiyo isingewezekana kama hapakuwa na mtu wa kuhesabu wanakondoo mwezi kwa mwezi.

Bakteria huyo hatumtaji kama adui wa palahala, na hatusemi kundi letu lina homa ya mapafu. Tunachosema ni kwamba mifugo na wanyamapori wenye kwato hupokezana maradhi, na Kenya inajua hilo kuliko nchi nyingi. Katikati ya miaka ya 1980 sotoka ya ng'ombe, ugonjwa wa virusi, pamoja na ukame, iliwamaliza hirola, swala adimu, wengi wa Garissa na Tana River. Sensa ya 2021 iliwakuta 497. Mwaka 1994 sotoka hiyohiyo iliingia Tsavo ikaua nyati na tandala. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, lakini ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, bado ipo nchini. Mongolia ilionja ukali wake mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, ilipotoka kwa mifugo na kuwaua maelfu ya swala wa saiga.

Kwa hiyo mbuzi wa Kwale wanaolisha karibu na uzio wa hifadhi ni sehemu ya ulinzi wa palahala. Chanjo ya sotoka ya mbuzi ipo na ni nzuri: dozi moja chini ya ngozi kwa mnyama aliyefikisha takriban miezi minne humkinga kwa miaka mitatu au zaidi. Inapoharibika, huharibika kwa joto. Ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, na ikishachanganywa na maji yake inapaswa kukaa kwenye barafu na kutumika ndani ya muda mfupi. Katika joto letu la Pwani, chupa iliyosahauliwa kwenye kiti cha gari adhuhuri haina faida tena, na mbuzi aliyechomwa dawa hiyo anahesabiwa kachanjwa ilhali hana kinga. Changanya chupa moja moja kadiri ya mbuzi waliopangwa mbele yako, wala si kwa siku nzima. Na wachanjwe wa kijiji kizima pamoja. Ukichanja nusu, virusi vinapata njia.

Malisho nayo yanataka mkono wa mtu. Palahala ni mla nyasi, na uwanda usiochomwa hugeuka vichaka, kisha msitu. Lakini moto wa hovyo unadhuru vilevile. Uchome vipande vidogo kwa zamu, baada ya mvua za masika kwisha, nyasi zikiwa zimekauka juu huku udongo ukiwa na unyevu, na moto uende kinyume cha upepo ili utembee polepole na ukabilike. Ukichoma eneo kubwa mara moja, wanyama wote hukusanyika kwenye machipukizi hayohayo, chui hujua pa kuvizia, na ndama hawana majani ya kujificha. Acha nyasi ndefu karibu na kila kipande kilichochomwa. Na usichome kabisa wakati ndama wamelala majanini.

Tukirudi kwenye kuleta wengine: kukamata palahala si kazi ya kuburudisha kamera. Dawa ya kulaza, etorfini, ni kali kiasi kwamba tone dogo linaweza kumwua binadamu, kwa hiyo hakuna anayejaza mshale bila mwenzake kuwa karibu na naltreksoni ya kuibatilisha. Mnyama akianguka, mlaze kifudifudi, kichwa kiwe juu na pua ielekee chini asije akavuta matapishi mapafuni, mfunike macho, na umpime joto kila dakika tano. Likizidi nyuzi 41, mmwagie maji. Likikaribia 42, mwamshe mara moja hata kama kazi haijaisha. Aliyekimbizwa muda mrefu misuli yake huvunjika, mkojo hugeuka wa kahawia, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye mahali ambapo hakuna anayemwona. Taarifa rasmi itasema alihamishwa salama. Safarini pembe huvikwa mipira wasichomane, na dume husafiri katika chumba chake.

Kisha kuna kupe. Kusini mwa Afrika imethibitishwa kwamba vijidudu vya jamii ya ndigana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na kupe, huwaua palahala, hasa ndama, na mnyama aliyetoka mbali hukutana na vijidudu ambavyo mwili wake hauvijui. Shimba Hills tayari ina kumbukumbu ya uhamisho usiofaulu. Miaka ya 1970 korongo, yule swala mkubwa wa jamii moja na palahala, waliletwa hapo kutoka vilima vya Ithanga. Leo hakuna hata mmoja. Korongo 15 waliohesabiwa nchini mwaka 2021 walikuwa wa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Palahala wa nje wakiletwa, tunataka vinasaba vilinganishwe kwanza, damu na kinyesi vipimwe pande zote mbili, na ijulikane ndama wa hapa wanakufa lini.

Tunaliomba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, pamoja na taasisi ya utafiti iliyoko Naivasha na serikali ya Kaunti ya Kwale, kuchapisha kila mwaka uwiano wa ndama na wa wenye mwaka mmoja kwa majike 100. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi wanaweza kufundishwa kazi hii. Haitaki helikopta, inataka darubini, kamera, fomu na watu wanaoamka alfajiri. Fomu iwe na safu za jike mzima, dume mzima, dume kijana, wa mwaka mmoja na ndama, na iongezwe safu ya wasiotambulika. Fomu isiyo na safu hiyo humlazimisha mhesabu kubahatisha, na mara nyingi ataandika jike.

Wanabiolojia wa wanyamapori,
Mombasa